Heroe wanapendwa, maji yao yanalindwa na nani?

Ukikaa Arusha utalizoea swali ambalo wageni huwauliza waongoza watalii kabla hata gari halijatoka mjini kwenda kwenye maziwa ya Momella: "Heroe wapo?" Wengine husema flamingo, na wote wanamaanisha ndege yuleyule wa waridi mwenye miguu mirefu. Jibu likiwa ndiyo, safari inachangamka. Likiwa hapana, nyuso zinashuka, hata kama siku hiyo Mlima Meru uko wazi mpaka kileleni na twiga wanakatiza barabarani.

Sioni ubaya wowote katika swali hilo. Ni ndege wachache mno wanaoweza kumsimamisha mtu ambaye hajawahi kuwaza habari za ardhioevu, akakaa pembeni ya tope linalonuka magadi na kutaka kujua zaidi. Yapo maziwa, mabwawa na fukwe za matope ambazo zimepona kwa sababu tu heroe walitua pale na watu wakawaona. Lakini mvuto huo una mipaka yake, na mipaka hiyo inatuhusu zaidi sisi wa mkoa huu kuliko watu wengi duniani, kwa kuwa kitovu cha uzazi wa heroe wadogo, aina mojawapo ya ndege hawa, kiko hapa kwetu.

Tuanze na Momella, kwa kuwa ni jirani. Maziwa ya Momella, ndani ya Hifadhi ya Taifa Arusha, ni saba, na yamekaa juu ya mabaki ya mlima. Maelfu ya miaka iliyopita ubavu wa mashariki wa Meru uliporomoka. Tope na mawe vikateremka kwa kishindo hadi tambarare na kuacha vilima na mashimo, na maji ya chini ya ardhi yakayajaza mashimo hayo. Kila ziwa lina madini yake, ndiyo maana rangi hazifanani: moja la kijani kibichi, jingine linakaribia samawati, ingawa unaweza kutembea kutoka moja hadi jingine kwa muda mfupi. Ndege nao wanajua tofauti hiyo. Heroe wanaweza kujaa ziwa moja huku la pili yake likiwa halina hata mmoja.

Mtazame mmoja kwa darubini wakati anakula. Anateremsha shingo mpaka kichwa kinakuwa juu chini, na sehemu ya juu ya mdomo inaelekea kwenye tope. Ulimi wake mnene unakwenda mbele na nyuma kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata, unavuta maji na kuyasukuma nje, na kwenye kingo za mdomo kuna safu za vinyweleo laini vinavyofanya kazi ya chujio la chai: maji yanatoka, chakula kinabaki. Wakati wote huo anatembea polepole, akifagia kichwa kushoto na kulia. Kundi zima likifanya hivyo kwa pamoja, husikii sauti ya mmojammoja. Unasikia mngurumo mzito usiokatika unaopita juu ya maji.

Anachochuja kinategemea ni heroe yupi. Duniani wapo wa aina sita, na Afrika tunao wawili. Heroe mdogo, mwenye mdomo wa rangi ya damu ya mzee, anaishi hasa kwa mwani wa kijani-buluu, wa jamii ya ule ambao siku hizi unauzwa kama unga wa lishe kwa jina la spirulina. Heroe mkubwa ni mrefu zaidi na mweupe zaidi, mdomo wake ni wa waridi wenye ncha nyeusi, na yeye hutafuta wadudu, konokono na kamba wadogo wa maji ya chumvi. Wote wawili hupata rangi kwa kula. Chakula chao kina karotenoidi, jamii ya rangi zilezile zilizomo kwenye karoti, na mwili unazipeleka kwenye manyoya. Kifaranga huanza akiwa wa kijivu, na huchukua miaka kadhaa kabla hajawa wa waridi kamili. Likumbuke hilo la kijivu, nitalirudia, kwa maana ndilo linalobeba jambo zito kuliko yote.

Sasa ndipo habari inapoanza kuwa ngumu. Heroe wadogo unaowaona Momella, Manyara au Nakuru wako hapo kula. Karibu wote walizaliwa kwingine: Ziwa Natron, kaskazini kabisa mwa mkoa wa Arusha, chini ya Mlima Ol Doinyo Lengai, mpakani na Kenya. Kwa Afrika Mashariki yote hakuna sehemu nyingine ambayo heroe wadogo huzaliana kwa kawaida, na inakadiriwa kwamba takriban robo tatu ya heroe wadogo wote duniani hutotolewa pale. Ndege anayesambaa kutoka Ethiopia hadi Afrika Kusini na mpaka India anategemea, kwa sehemu kubwa, tope la ziwa moja.

Natron lina urefu unaofikia kilomita 57, lakini kina chake hakifiki mita tatu. Mito inaingia, hakuna mto unaotoka. Jua linanyonya maji na kuacha magadi, mpaka yanaganda juu ya ziwa na kufanya ukoko mweupe wenye mabaka mekundu. Maji ni makali ya kuunguza ngozi, na tope lake hupata joto la kutisha. Ukali huo ndio ulinzi wa heroe. Miguu yao ina ngozi ngumu inayostahimili magadi, ila fisi na mbweha hawathubutu kwenda huko katikati. Hapo, mbali na ufuko, kila jozi hujenga kiota cha tope kilichoinuliwa na kutaga yai moja, wakalilalia kwa zamu kwa karibu mwezi mzima.

Mfumo huu unakaa kwenye ncha ya kisu. Maji yakipungua sana, ukoko unakauka na wanyama wala nyama wanaweza kuvuka hadi kwenye viota. Yakizidi, tope linazama na hakuna pa kujenga. Ndiyo maana heroe hawazaliani kila mwaka; wanasubiri ziwa liwe sawa, na miaka mingine halikai sawa.

Wanasayansi walichelewa kulijua hili. Mwaka 1954 Leslie Brown, ofisa kilimo nchini Kenya aliyekuwa akitafiti ndege, aliona kutoka angani kwamba huenda heroe wanaatamia katikati ya Natron, akaamua kuwafuata kwa miguu. Alizama kwenye tope, magadi yakaingia kwenye viatu na kugeuka fuwele zilizomchuna. Alirudi nusu mfu, miguu imeungua vibaya, akalazwa hospitali na kufanyiwa upasuaji wa kupandikizwa ngozi. Wamaasai wanaoishi kuzunguka ziwa walikuwa wakiwaona ndege hao vizazi na vizazi. Lakini baada ya Brown kupeleka habari nje ndipo ulimwengu ulipoanza kulitazama Natron kama mahali penye thamani.

Miaka minane baadaye ukaja mtihani wa kwanza wa mvuto wa heroe. Mwaka 1962 mafuriko yaliwazuia kujenga Natron, wakahamia Ziwa Magadi upande wa Kenya. Huko vifaranga walipotembea, magadi yaliganda kwenye miguu yao na kufanya pingu ngumu, wakashindwa kwenda. Watu walijitolea kuingia ziwani na kuzivunja pingu hizo moja moja, kifaranga baada ya kifaranga, na maelfu waliokolewa. Habari zilienea mbali. Sidhani kama kuna mtu angeingia kwenye magadi yale kuokoa mwani, ingawa bila mwani hao vifaranga wasingekuwepo.

Hapo ndipo penye nguvu ya huyu ndege, na nguvu hiyo imefika mbali kuliko tunavyodhani. Mwaka uleule wa 1954 ambao Brown aliungua Natron, mtafiti wa ndege Luc Hoffmann alianzisha kituo cha utafiti cha Tour du Valat katika Camargue, delta ya mto Rhône kusini mwa Ufaransa, sehemu ya pwani yenye mashamba ya chumvi na vinamasi. Heroe wakubwa wa huko walikuwa wanakosa mahali salama pa kutaga. Mwaka 1970 wakajengewa kisiwa ndani ya eneo la chumvi, na kuanzia 1974 walikitumia. Hoffmann huyohuyo alikuwa miongoni mwa waliosukuma makubaliano ya kimataifa ya ardhioevu, yaliyotiwa saini katika mji wa Ramsar, Iran, tarehe 2 Februari 1971. Jina rasmi la Mkataba wa Ramsar linataja makazi ya ndege wa majini, na viwili kati ya vigezo vyake ni vya kuhesabu: eneo likiwa na kawaida ya kupokea ndege wa majini 20,000 au zaidi, au asilimia moja ya idadi ya jamii moja ya ndege wa majini wa aina fulani, linastahili kutambuliwa kimataifa. Kwa hiyo mtu anayekaa kwenye ukingo wa ziwa akihesabu heroe kwa kibonyezo cha mkononi anaandaa ushahidi. Tanzania ilijiunga na mkataba huo mwaka 2000, na Ziwa Natron likaingizwa kwenye orodha mwaka 2001.

Pwani nyingine inayoonyesha jambo hili waziwazi ni ya Mumbai, India. Jiji lile lina hori la bahari liitwalo Thane, limezungukwa na mikoko, viwanda na mamilioni ya watu. Tangu miaka ya 1990 heroe wamekuwa wakija hapo kwa wingi, makumi ya maelfu. Maji yakipwa wanakula kwenye matope ya hori; yakijaa, matope yanafunikwa, nao huruka kwenda kupumzika kwenye mabwawa ya kando kule Navi Mumbai. Mabwawa hayo yalipotakiwa kwa ajili ya uwanja wa gofu na majengo, wakazi walikwenda mahakamani. Walikuwa wamewaona heroe kutoka kwenye madirisha ya nyumba zao, na hoja yao ilikuwa rahisi kueleweka: ukifukia bwawa, ndege wa horini hawana pa kukaa maji yakijaa. Hori la Thane lilitangazwa hifadhi ya heroe mwaka 2015, na mwaka 2022 likaingia kwenye orodha ya Ramsar. Mikoko nayo ikalindwa humohumo, pamoja na kaa na samaki wanaozaliana kwenye mizizi yake.

Natron nalo limeshaponea kwa jina la heroe. Kuanzia 2006 kulikuwa na mpango wa kujenga kiwanda cha magadi cha kuzalisha tani 500,000 kwa mwaka, kwa ubia wa Shirika la Maendeleo la Taifa na kampuni ya Tata Chemicals ya India. Wapinzani wa mpango huo, wa ndani na wa nje, walisimamia hoja ya uzazi wa heroe: kelele, mabomba, watu na mahitaji makubwa ya maji baridi katika mahali ambapo ndege wakibughudhiwa huacha mayai na kuondoka. Mwaka 2008 Tata ikajitoa. Wazo lenyewe halikufa, limekuwa likirudi kwa sura tofauti, na baadaye macho yakaelekezwa pia kwenye magadi ya bonde la Engaruka wilayani Monduli. Nchi inahitaji magadi kwa viwanda vya vioo na sabuni, na sitaki kulipuuza hilo. Lakini kiwanda kinaweza kujengwa kwingine. Uzazi wa heroe hauhamishwi kwa uamuzi wa kikao.

Mpaka hapa heroe anaonekana wakili asiyeshindwa. Sasa tazama anapotupotosha.

Kwanza, wingi wake hauna maana kwamba maji ni safi. Mwani hupenda maji yenye rutuba, na maji taka yana rutuba tele. Watafiti wa Mumbai wamehusisha ongezeko la heroe na maji machafu yanayotiririka horini kutoka jijini. Kule Kimberley, Afrika Kusini, bwawa la Kamfers lililowapokea heroe wadogo hutegemea maji ya mtambo wa maji taka. Kwa muda ndege hunufaika, kisha uchafu ukizidi, mambo hugeuka. Sisi wenyewe tuliona upande wa pili wa mwani mwaka 2004, heroe walipokufa kwa wingi Manyara na Momella, na watafiti wakahusisha vifo hivyo na sumu zinazotengenezwa na baadhi ya mwani wa kijani-buluu. Ziwa lenye waridi nyingi linaweza kuwa linaumwa.

Pili, na hili ndilo linalonisumbua zaidi, heroe huishi miaka mingi, miongo kadhaa akibahatika. Maana yake, uzazi unaweza kushindikana Natron mwaka baada ya mwaka na bado Momella na Manyara zikaonekana zimejaa. Wazee wanaendelea kula, wanaendelea kupendeza, watalii wanaendelea kupiga picha. Pengo litaonekana baadaye sana, wazee watakapoanza kuisha na nyuma yao hakuna mtu. Ndiyo maana nilisema ukumbuke rangi ya kijivu. Ukifika Momella, usiridhike na wale wa waridi wanaong'aa. Tafuta wale waliofifia, wenye manyoya ya kijivu-kahawia na miguu myeusi-myeusi. Hao ndio habari za Natron. Ukiwaona kwa wingi, miaka ya karibuni ilikuwa na heri. Muulize na mwongozaji wako, maana anayekwenda ziwani kila wiki anajua mambo ambayo mgeni wa siku moja hawezi kuyaona.

Tatu, heroe hutufanya tutazame ziwa alilotua, kumbe maji yake yalianzia mbali. Mto mkubwa unaolisha Natron ni Ewaso Ng'iro ya Kusini, unaotoka kwenye nyanda za Mau nchini Kenya. Misitu ya Mau ikikatwa, mvua inakuja na udongo mwingi, na kiangazi mto unanywea. Kabla ya kuingia ziwani mto huo hutawanyika kwenye kinamasi cha Shompole, na matete yake hupunguza kasi ya maji na kukamata udongo. Hakuna mtalii wa heroe anayepanga safari kwenda kupiga picha matete ya Shompole. Ila kinamasi hicho kikikaushwa kwa mashimo na mifereji, tope la Natron litabadilika, na hakuna uzio utakaozuia hilo.

Vivyo hivyo pwani yetu. Delta ya Rufiji ina msitu wa mikoko ulio mkubwa kuliko wote Afrika Mashariki, na eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa liliingia kwenye orodha ya Ramsar mwaka 2004. Mikoko hiyo inalea kamba na samaki, inashika ufuko, na inafukia kaboni kwenye tope lake. Lakini haina kundi la waridi la kuitetea kwenye picha. Ina mivuli, mbu na watu wanaohitaji boriti na mkaa. Jirani wa Saadani anaweza kuwaona heroe kwenye mashamba ya chumvi, na kwa sababu hiyo akapata wageni. Mvuvi wa delta hana bahati hiyo, ingawa kinamasi chake kinalisha watu wengi zaidi.

Na hali ya hewa haisubiri. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 maziwa mengi ya Bonde la Ufa yamepanda. Maji yakiongezeka, magadi yanazimuliwa, na mwani unaopenda magadi unapungua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024, uliotumia picha za satelaiti za zaidi ya miaka 20 kwenye maziwa 22 ya Afrika Mashariki, ulionyesha chakula cha heroe kikipungua kwa jinsi hiyo. Kwa hiyo ndege wanahitaji mtandao mzima wa maziwa ili, moja likiharibika, wahamie jingine. Kulinda ziwa moja maarufu na kuachia mengine yafukiwe ni kuwafungia njia ya kutorokea.

Mvuto wenyewe nao unaweza kupindishwa. Mwaka 2013 picha za Nick Brandt zilisambaa duniani zikionyesha ndege na popo waliokauka kwa magadi kwenye ufuko wa Natron, wakiwa wamekaa kama walio hai. Mitandao ikaliita ziwa linalogeuza viumbe mawe. Ukweli ni kwamba mpigapicha aliwakuta wakiwa wameshakufa na akawapanga hivyo kwa ajili ya picha. Watu wengi duniani wanalijua Natron kwa simulizi hiyo ya kifo, na hawajui kwamba hapo ndipo mamilioni ya ndege walipoanzia maisha.

Turudi kwenye swali la kichwa cha makala. Natron si Hifadhi ya Taifa kama ilivyo Momella. Kuwemo kwenye orodha ya Ramsar ni ahadi ya nchi kutumia eneo kwa busara, na ahadi hiyo haijengi uzio wala kukataza kiwanda kwa yenyewe. Kwa hiyo kinacholilinda ziwa siku hadi siku ni maamuzi: ya wizara inayopokea ombi la mradi, ya wilaya za Ngorongoro na Longido, ya wenzetu wa Kenya kuhusu mto, na ya vijiji kama Ngaresero ambavyo vinafuga na kupokea wageni kando ya maji hayo. Ngaresero inakusanya mapato kwa watalii wanaokuja kuona maporomoko, mlima na heroe. Mapato hayo yakipungua au yakiishia njiani, mkazi wa pale atakuwa na sababu gani ya kukataa ahadi ya ajira za kiwandani? Tunapodai heroe walindwe tukiwa tumekaa mjini, hilo lazima liwe ndani ya hesabu, sambamba na hewa, magadi na mwani. Tathmini ya mazingira ikitangazwa, wananchi wana haki ya kutoa maoni kabla haijapitishwa, na mkazi wa Arusha anayeishi kwa utalii ana la kusema pale kama alivyo nalo mfugaji wa Natron.